Pikapu ya zamani na mambo ya nyumbani: uifumue, uitengeneze ikitembea, umpe fundi au uihifadhi?

Kazi ya kufufua pikapu ya zamani lazima itasimama. Januari itakuja na ada na sare, masika yataugeuza uwanja tope, utatokea msiba au harusi yenye mchango mzito, mtoto atalazwa. Mwenye familia anayepanga kazi hii kana kwamba haitasimama ndiye ambaye gari lake hubaki juu ya mawe miaka na miaka. Kwa hiyo mtu akiniuliza njia ipi aifuate, namrudishia swali moja: kazi ikisimama miezi sita, gari litakuwa katika hali gani?

Magari ninayoyazungumzia ni yale yaliyojaa nyuma ya nyumba za wazee wetu: Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990 zenye injini za dizeli za 2L na 3L, Land Rover 109, Peugeot 504. Ni magari ya spana na nyundo, hayahitaji kompyuta ili kuyaelewa, na ndiyo maana yanafufulika.

Njia ziko nne. Unaweza kuitengeneza huku ikitembea, kuifumua yote uani kwako, kumpa fundi kwa awamu, au kuihifadhi vizuri mpaka nyumba ipumue.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni pesa, na hasa jinsi inavyotoka. Jumla ya gharama ina uzito wake, lakini kinachoitikisa nyumba ni fungu kubwa linaloangukia mwezi mbaya. Cha pili ni hilo la kusimama: kazi ikikatika katikati, unapoteza nini? Cha tatu ni nyumba yenyewe, yaani uwanja, watoto, mwenzi wako, na kama gari linahitajika kwa shughuli. Cha nne ni ujuzi na zana ulizonazo leo, si zile unazotarajia kuwa nazo.

Kabla ya hapo kuna mambo mawili yasiyorukwa, njia yoyote utakayochagua.

Moja ni kadi ya gari. Pikapu nyingi za aina hii ni za urithi. Kama kadi bado ina jina la marehemu, mirathi ifunguliwe mahakamani, msimamizi ateuliwe, ndugu wakubaliane gari linakwenda kwa nani, ndipo jina libadilishwe TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. Usinunue hata boliti kabla ya hapo. Ndugu zako wana haki kwenye gari la baba yenu, na ni vigumu mno kuzungumza haki hiyo baada ya mmoja wenu kulimwagia akiba yake ya miaka mitatu. Angalia pia namba za chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari) na injini kama zinalingana na kadi, maana magari ya umri huu mengi yamebadilishwa injini bila karatasi kufuata.

Jingine ni chesisi. Ingia uvunguni ukiwa na bisibisi na nyundo ndogo, gonga taratibu mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na bisibisi huzama. Kwenye Hilux kazia sehemu ya nyuma, panaposhikia springi. Land Rover inadanganya macho: bodi yake kwa sehemu kubwa ni ya alumini, haioti kutu nyekundu, hivyo gari huonekana zima wakati chesisi ya chuma chini yake inaliwa kutoka ndani. Chesisi ikiwa imeoza sehemu nyingi, njia ya kutengeneza huku ikitembea ishajiondoa yenyewe.

Kuitengeneza huku ikitembea

*Pesa.* Hutoka kwa vipande vidogo kuliko njia nyingine zote, mwezi huu mipira ya maji, mwezi ujao shokapu mbili. Mpangilio ninaouamini ni breki kwanza, kisha usukani na matairi, kisha injini isiungue wala kukatika, kisha umeme, kisha kutu, na rangi mwisho kabisa. Kwenye injini za 2L na 3L, mkanda wa taimingi uwe kazi ya mwanzo. Toyota walipanga ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba muda wake umepita, kwa sababu ukikatika valvu hugongana na pistoni na hapo unazungumzia injini nzima. Hasara ya njia hii ni kulipa ufundi mara mbili. Unashusha gia boksi ili ubadilishe klachi, mwaka unaofuata inashushwa tena kwa sababu ya sili inayovuja.

*Kazi ikisimama.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine. Gari linalotembea hutunza sili zake zikiwa na mafuta, betri ikiwa na chaji na breki zikiwa laini. Sharti ni moja: usifungue kitu kabla spea yake haijawa mkononi, na kila kilichofunguliwa Jumamosi kifungwe Jumapili. Ukilishika hilo, hata ukiitwa msibani Jumatatu, gari liko kamili.

*Nyumbani.* Pikapu inayobeba saruji, majani ya ng'ombe na madumu ya maji haihitaji kutetewa mbele ya familia. Mwenzi wako anaona faida yake, na fungu la spea halionekani kama pesa ya mchezo. Lakini kuna hatari ninayotaka uisikie vizuri: nyumba huzoea kasoro. Pedali ya breki inayozama kidogo inakuwa kawaida, usukani unaocheza unakuwa kawaida, na siku moja ndani kuna watoto. Mpaka breki na usukani vikamilike, asipande mtu zaidi ya dereva, na asiende barabara kuu. Watoto nyuma, kwenye bodi ya mizigo, wasipande kamwe.

*Ujuzi na zana.* Seti nzuri ya spana, jeki, stendi mbili za chuma na moyo wa kujifunza vinatosha kwa kazi nyingi. Zile nzito, fundi anakuja nyumbani au unampelekea.

*Inamfaa nani.* Mwenye kipato cha mafungu madogo, mwenye shughuli ambayo gari litaifanya lijilipe, na mtu asiyeumizwa na kuona dongo la puti, ile dawa ya kujazia mabonde ya bodi, mlangoni kwa miaka miwili. Haimfai anayetaka gari la maonyesho. Kutu iliyo chini ya sakafu ya kebini haifikiwi ipasavyo bila kuivua kebini, na kuivua ni njia nyingine.

Kuifumua yote uani

*Pesa.* Mwanzo unadanganya, kwa kuwa kufumua hakugharimu kitu. Baadaye huja vilima vitatu: injini kwa wachongaji, bodi na rangi, kisha matairi, vioo na mipira ya milango kwa pamoja. Vilima hivi havigawanyiki kirahisi. Bloku ikishachongwa inadaiwa yote, na rangi haipigwi nusu ya gari.

*Kazi ikisimama.* Hapa ndipo magari mengi yanapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chuma kilichokwanguliwa rangi huanza kutu upesi sana, na ukiwa Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, hewa ya bahari huharakisha zaidi. Watu hupiga praima ya kawaida wakidhani wameziba. Praima hiyo ina vitundu, maji hupita. Gari likikaa masika mazima na praima ya kijivu tu, kutu huota chini yake, na kazi yote ya msasa inarudiwa. Puti nayo hufyonza unyevu. Kama unajua kazi itasimama, kwangua kile tu utakachokifunika siku hiyohiyo, na ukifunike kwa praima ya epoksi, ambayo huziba kweli. Rangi ya zamani ambayo bado imeshika iache mahali pake mpaka pesa ya fundi rangi iwe kamili. Ni ngao uliyopewa bure.

Injini iliyofunguliwa inataka nidhamu hiyohiyo. Silinda zipakwe oili, matundu yote yazibwe kwa kitambaa safi na nailoni, hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ilazwe juu ya mbao na si sakafuni. Injini ambayo haijafunguliwa lakini haiwaki, tia oili kidogo kwenye kila silinda na uizungushe kwa mkono mara kwa mara, ringi zisigande.

Halafu kuna boliti. Kila sehemu iwe na mfuko wake wenye maandishi, na piga picha kabla ya kulegeza chochote. Pale inapowezekana, rudisha boliti kwenye tundu lake mara tu baada ya kutoa kipande. Leo unakumbuka ile ndefu inakaa wapi. Baada ya miaka miwili ya ada na ujenzi hutakumbuka, na fundi utakayemwita hatakuwa na wa kumuuliza.

*Nyumbani.* Pikapu iliyofumuliwa hula nafasi kubwa kuliko iliyo nzima: chesisi huku, kebini kule, bodi ya mizigo imeegemea ukuta, na vyote vinataka paa. Uwanja huo ndio wa kuanika nguo, wa wageni, wa watoto kucheza. Kaa na mwenzi wako mkubaliane kona ipi, na mpaka lini, kabla ya kushusha boliti ya kwanza. Mpangaji anahitaji pia kauli ya mwenye nyumba.

Kwa usalama naomba usilegeze. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila onyo, kwa hiyo usiingie chini ya gari lililokaa juu ya matofali. Tumia stendi za chuma, na lalisha magurudumu chini ya chesisi kama kinga ya pili. Vumbi la breki za zamani huweza kuwa na asbesto. Lilowanishe na kulifuta, usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Petroli na oili chafu visikae kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, mahali penye watoto.

*Ujuzi na zana.* Unahitaji zana nyingi, au jirani mwenye nazo, pamoja na mtu wa kuchomelea. Lakini hakuna njia inayofundisha kama hii. Kijana wa miaka kumi na minne aliyeshika taa wakati mzazi wake anafungua difu (gia za kwenye ekseli) atajua jinsi nguvu inavyofika kwenye gurudumu, na atakuwa amepata mchana mzima na mzazi wake. Kama hilo ndilo unalotafuta, liweke kwenye hesabu zako bila aibu.

*Inamfaa nani.* Mwenye banda, mwenye gari jingine la shughuli, mwenye akiba iliyokwisha kutengwa angalau kwa kilima cha kwanza, na ambaye watoto wake si wachanga tena.

Kumpa fundi kwa awamu

*Pesa.* Mafungu ya kati hadi makubwa, lakini unayachagua wewe. Gawa kazi vipande vinavyojitegemea: breki na miguu ya mbele, injini, umeme, bodi na rangi. Lipa ufundi wa awamu moja, nusu mwanzo na nusu baada ya kujaribu gari. Spea nunua mwenyewe au nenda na fundi, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, na beba kile kilichoharibika kama sampuli. Hilux mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na injini tofauti, na muuza spea akikukisia kwa mwaka tu utarudi dukani.

*Kazi ikisimama.* Inategemea ilisimama wapi. Ikisimama mwisho wa awamu, unachukua gari lako na kuondoka. Ikisimama katikati, gari lisilolipiwa husukumwa ukutani, hupigwa jua, na vipande vyake huanza kuazimwa na magari mengine. Usifungue awamu mbili kwa pamoja hata fundi akikushawishi kwamba itakuwa rahisi. Andikeni karatasi: kazi ipi, kwa kiasi gani, lini, na spea za zamani zirudishwe kwako. Piga picha za gari siku unapolikabidhi, pamoja na betri, taa na matairi. Fundi mwaminifu hachukizwi na karatasi, kwa kuwa inamlinda na yeye.

*Nyumbani.* Uwanja unabaki wa familia, na hilo ni jambo kubwa kwa wanaoishi ghorofani au kwenye nyumba ya kupanga. Lakini usidhani Jumamosi zako zimepona. Kazi isiyotembelewa hulala, kwa hiyo utakwenda gereji, utakaa, utatuma nauli ya spea.

*Ujuzi na zana.* Hapa ujuzi wako ni wa kukagua. Pitisha sumaku ndogo kwenye bodi iliyonyooshwa: isiposhika, chini kuna puti nene badala ya chuma. Kwa Land Rover kipimo hiki hakifanyi kazi, alumini haivutwi na sumaku, hivyo uende mapema uone bodi kabla haijapakwa. Injini ipokee ikiwa baridi. Mwambie fundi usiku uliotangulia asiiwashe mpaka ufike, kwa maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha tabia zake. Rangi panga Juni hadi Septemba, pwani kukiwa kukavu.

*Inamfaa nani.* Mwenye mshahara unaotabirika na muda mchache, na mtu ambaye chuma hakimvutii ila anataka gari la baba lirudi barabarani. Ndugu walio Oman au Ulaya wanaotuma pesa za kufufua gari la nyumbani wako njia hii pia, lakini wanahitaji mtu wa kwenda kulipapasa gari kila awamu inapoisha, si kutumiwa picha tu.

Kuihifadhi isubiri

Watu huiona kama kushindwa. Mimi naiheshimu, kwa kuwa gari lililohifadhiwa vizuri linaweza kuchaguliwa njia nyingine yoyote baadaye.

*Pesa* ni ndogo sana. *Kusimama* ndiko kazi yenyewe, mradi ufanye mambo haya: osha uvungu utoe tope na ukauke, badilisha oili, weka maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu. Tangi la dizeli lijaze, kwa kuwa nafasi tupu hukusanya unyevu. Petroli ikaushe kwa sababu huharibika. Toa betri, achia breki ya mkono ili viatu visigande, inua gari matairi yasibebe uzito. Paa la bati ni bora kuliko turubai lililobana bodi, ambalo hushikilia unyevu. Ukiiwasha, iache ipate moto kamili. Kuwasha dakika tano kila wiki huacha maji ndani ya oili na ekzosi. Kagua nyaya, panya hupenda gari lililolala.

*Nyumbani* inachukua nafasi ya gari moja tu, na haidai Jumamosi zako. *Ujuzi* ni mdogo. Wakati huu kusanya vitu adimu visivyozeeka: taa, vioo, nembo, vishikio vya milango. Usinunue betri, matairi wala vitu vya mpira, vinazeeka stoo. Ubavuni mwa tairi tazama tarakimu nne za mwisho wa msimbo unaoanza na herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

*Inamfaa* mwenye mtoto mchanga, mzazi mgonjwa, nyumba inayojengwa, au mirathi ambayo haijakwisha.

Kwa hali yako

Wengi huishia kuchanganya njia, na hakuna ubaya. Angalia tu mwelekeo. Kutoka kwenye hifadhi kwenda kwenye kutembea ni rahisi. Kutoka kwenye kutembea kwenda kwa fundi ni rahisi. Kutoka kwenye gari lililofumuliwa kurudi kwenye gari linalotembea ni safari ndefu ya pesa, kwa hiyo mlango huo ufungue wa mwisho, ukiwa umejiandaa.

Kama gari linawaka na chesisi ni nzima, na kipato chako kinapanda na kushuka kama cha mkulima au mfanyabiashara mdogo, litengeneze likitembea. Linaweza kuchangia gharama zake.

Kama chesisi imeoza, una banda, na kazi za nyumba zinafanywa na gari jingine, kufumua ndiko kunakoeleweka. Anza kiangazi, chesisi kwanza, na usiguse rangi ya kebini mpaka chesisi isimame kwenye magurudumu yake.

Kama unaishi ghorofani, unafanya kazi mpaka Jumamosi, lakini mshahara unaingia kila mwezi, tafuta fundi na uanze na awamu ndogo ya breki. Awamu hiyo moja itakuonyesha kama fundi huyo anashika tarehe, anarudisha spea za zamani na kupokea simu. Ukiridhika, mpe injini. Usiporidhika, una gari lenye breki nzima na unaweza kuondoka nalo.

Kama gari haliwaki na pesa haipo, hifadhi, hata kama majirani wanauliza kila wiki.

Na kama wewe na mwenzi wako bado hamjakubaliana, acheni kujadili gari zima. Kubalianeni kiasi cha mwezi ambacho hakigusi ada, chakula wala dawa, kiandikwe kwenye bajeti pamoja na vingine, na Januari kiwe sifuri. Kikitosha spea ndogo tu, mna njia ya kwanza. Kikitosha awamu nzima kila baada ya miezi michache, mna ya tatu. Kisipotosha chochote mwaka huu, lainueni kwenye stendi na kutoa betri.